Mumbai: Ijue Reli Kabla ya Kutafuta Chumba

Mabibi na mabwana, anayekwenda Mumbai, awe anampeleka mgonjwa au anafuata bidhaa, aanze kwa kuitazama ardhi yake. Mji umekaa kwenye ukanda mwembamba, magharibi bahari, mashariki hori na bandari. Nafasi ya kukua ilikuwa kaskazini, na treni ilikwisha kuelekea huko tangu tarehe 16 Aprili 1853, kutoka Bori Bunder hadi Thane, kilomita 34.

Leo njia kuu ni tatu. Western yaanzia Churchgate, hupita Dadar, Bandra, Andheri na Borivali kwenda Virar. Central hutoka CSMT, yaani stesheni kuu ya Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, kupitia Dadar, Kurla na Thane, hadi Kalyan. Harbour nayo hutoka CSMT kwenda Vashi na Panvel. Angalieni hapa: kituo kinachoitwa Mumbai Central kiko kwenye njia ya Western! Wengi huachwa na treni za mikoani kwa kudhani ni CSMT.

Kwenda kaskazini na kusini ni rahisi. Kukatiza mashariki na magharibi ndiko kunakochosha. Metro ya kwanza, Versova hadi Ghatkopar kupitia Andheri, ilifunguliwa mwaka 2014 kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo pangeni chumba kwenye njia ya reli inayofika mnakokwenda. Mwenye mgonjwa wa Tata Memorial, hospitali ya saratani iliyoko Parel, ana nafuu: kituo cha Parel cha Central na cha Prabhadevi cha Western vinapakana, na daraja la miguu linaviunganisha.

Anwani nayo isomeni mpaka mwisho. Andheri East na Andheri West zimetenganishwa na reli, na kukosea upande ni kuzunguka kwenye foleni.

Jukwaani, ubao huonyesha herufi za kituo cha mwisho, saa, F au S, na idadi ya mabehewa. F haisimami kila kituo. S husimama kote. Ya Virar jioni iacheni kama mnashuka karibu: mlango huzibwa na wanaokwenda mbali, na treni husimama kwa sekunde chache tu. Sogeeni mlangoni kituo kimoja kabla, mkiuliza jukwaa litakuwa upande gani.

Bajaji haziruhusiwi kuingia kusini, mwisho wake ni Bandra kwa magharibi na Sion kwa mashariki. Kutoka uwanja wa ndege hadi Parel mkiwa na mgonjwa, chukueni teksi moja kwa moja.