Genge la Darasani: Kumfundisha Mtoto Kujumlisha Fedha

Wazazi wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Nimekuja na kapu. Humu mna maboksi matupu ya majani ya chai, chupa ya maji tunayoiita mafuta ya kula, na nyanya za udongo walizofinyanga watoto wa darasa la pili. Hili ndilo genge letu.

Mwandikie mtoto ubaoni 700 + 500 + 300. Wengi huanzia kushoto, wakifika 1200 vidole vinawaishia. Sasa mpe kikapu: mafuta ya kupima 700, nyanya fungu moja 500, vitunguu 300. Nimewaona wakiyasogeza mafuta na vitunguu pamoja kwanza kwa kuwa vinatimiza elfu, halafu wanaongeza nyanya. Hakuna aliyewaambia kuwa namba zinaweza kupangwa upya. Mikono ndiyo iliyopanga.

Penye kazi ni kwenye sarafu. Mimi hutumia za kweli, maana mtoto anapaswa kuzijua kwa uzito na kwa picha. Muhula uliopita muuzaji wetu alikuwa binti wa miaka saba. Mteja akampa sarafu ya 500, ile yenye nyati, akaomba achenjiwe kwa mia mia. Binti akakataa katakata. "Wewe unanipa moja, unataka tano?" Akakunja ngumi, sarafu zake zikabaki humo.

Sikumwambia amekosea. Kwake pesa nyingi ni sarafu nyingi, na hilo ni wazo la mtoto anayefikiri. Nilipanga mezani sarafu tano za mia, chini yake nikaweka ile ya nyati. Nikamwambia anunue nyanya kwa zile tano. Akapata fungu. Nikamwambia anunue kwa nyati. Fungu lilelile. Akarudia mara tatu, akinitazama kila mara, kisha akafungua ngumi.

Kwenye chenji, tafadhalini, msianze na kutoa. Vitu vimegharimu 1700, mteja ametoa noti ya 2000. Muuzaji aanze na bei: "Elfu moja mia saba." Anaweka mia: "Elfu moja mia nane." Anaweka mia mbili: "Elfu mbili." Chenji imetoka, na mtoto amejumlisha tu. Hivyo ndivyo wauzaji wengi sokoni wanavyokuhesabia mkononi.

Genge linasaidia pia kuandika. Mtoto akisikia "elfu moja mia saba" huandika 1000700, kama alivyosikia. Nikimwekea noti moja ya elfu na sarafu saba za mia, anaona kwamba mia saba zinakaa mahali pa zile sifuri.

Sisi tulijifunza haya kwa kutumwa dukani, huku tumeibana noti kiganjani. Siku hizi mzazi analipa kwa simu, na mtoto aliyesimama pembeni haoni pesa ikitoka wala chenji ikirudi. Ndiyo maana nawaomba, angalau siku moja kwa wiki lipeni kwa pesa taslimu, mwacheni mtoto azihesabu mbele ya muuzaji, hata kama foleni inasubiri.

Sasa naomba mzazi mmoja aje mbele awe mteja. Muuzaji ni kijana wangu huyu wa darasa la pili, na bei amezipanga mwenyewe.