Pishi ya Asubuhi
Mhadhara kwa washirika na viongozi wa vikundi vya maombi, Malindi

Bwana asifiwe. Vijana mlioegemea ukuta kule nyuma, songeni mbele, feni ziko huku.

Tunazungumza kujiandaa kila siku kwa Neno, nami naanza na chakula. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16: mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani. Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952, imekipa chakula kile kipimo cha kwetu pwani: pishi moja kwa kila kichwa. Wazee mliokaa hapa mnajua pishi ni vibaba vinne. Waliokota asubuhi; jua likiwa kali ikayeyuka; aliyeweka akiba hadi kesho yake alikuta mabuu na uvundo. Siku ya sita peke yake ndiyo waliyookota pishi mbili, kwa ajili ya Sabato. Kwa hiyo Neno la leo lina kipimo chake na saa yake, na wengi wetu tunakwama kwenye kipimo.

Tupige hesabu. Biblia hii ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu na ziada kila siku. Mtu anaanza tarehe 1 Januari kwa moto. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40, jumla 90. Kwa sura tatu kwa siku, tarehe 31 anaingia Walawi, kwenye figo na mafuta ya sadaka, huku joto la kaskazi limemkausha. Anaruka siku. Siku sita zikipita ana deni la sura 18, na kila akiigusa Biblia anaona deni. Anaifunga. Kisha anajiita mtu wa imani haba, kumbe alijipimia pishi tatu akiwa na tumbo la kibaba.

Deni la kusoma halilipwi. Leo ni tarehe 14? Soma ya tarehe 14, ya jana iache. Anayetaka mpango mwepesi, Agano Jipya lina sura 260: sura moja Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 52, ni 260 kamili. Jumamosi unarudia ulichokipenda, Jumapili unalisikia kanisani. Upo pia mpango wa mchungaji wa Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, wa mwaka 1842, sura nne kwa siku. Ni mpango mzuri, ila anayeanza simpi.

Sasa, asubuhi hutengenezwa usiku. Mvuvi hashoni wavu alfajiri maji yakiwa yameshaanza kutoka. Kabla hujalala, iache Biblia wazi kwenye sura utakayosoma, daftari na kalamu juu yake. Daftari la kurasa 200, ukiandika nusu ukurasa kwa siku, linavuka mwaka. Kama Biblia yako iko kwenye simu, zima data usiku huo huo, maana kikundi cha michango ya harusi kitakuwahi kabla hujafika kwenye Injili ya Marko.

Saa? Saa kumi na moja alfajiri, adhana ikiwaita jirani zetu, wengi wetu tumeshafungua macho, hapo panafaa. Marko 1:35 inamwonyesha Bwana Yesu akitoka kwenda kuomba kabla ya mapambazuko. Lakini dereva wa tuktuk aliyelala saa nane usiku, na dada wa hoteli aliyetoka zamu, asubuhi yao ni pale wanapoamka. Msiwawekee sheria.

Dakika ishirini zinatosha. Mbili za kunyamaza na kuomba macho yafunguliwe. Tano za kusoma, mara mbili, na kwa sauti. Nane za kutafakari. Tano za kuomba kwa maneno ya fungu lenyewe. Watu wakikosa muda, hukata zile nane, na hapo ndipo chakula huingia tumboni bila kutafunwa.

Kutafakari kwenyewe tumekuelewa vibaya, kama kukaa kimya na kukunja uso. Katika Zaburi ya 1 na Yoshua 1:8 neno la Kiebrania ni haga, yaani kunong'ona, kuguna. Isaya 31:4 inalitumia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake, na 38:14 kwa hua anayelia. Kwa hiyo ni kazi ya kinywa. Ndiyo maana Yoshua anaambiwa kitabu kisiondoke *kinywani* mwake.

Tujaribu pamoja. Marko 4:35 hadi 41, aya saba tu. Usikimbilie muujiza. Soma ya kwanza taratibu: nani alisema tuvuke mpaka ng'ambo? Bwana Yesu mwenyewe. Basi wanafunzi walio baharini wamo katika agizo lake, na dhoruba imewakuta humo humo. Soma tena. Aya ya 36 ina vyombo vingine pamoja naye. Nani amewahi kuvikumbuka? Aya ya 38 inasema alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Mtu wa bara anaweza kuliruka neno shetri. Nyinyi mnajua ni kule nyuma, penye usukani. Yuko nyuma kwenye usukani, na analala. (Na mto ni wa kulalia, mtoto asije akadhani ni mto wetu Sabaki.) Sasa tafuta neno linalorudi: *dhoruba kuu*, kisha *shwari kuu*, kisha *hofu kuu*. Hofu kuu inakuja bahari ikiwa imeshatulia. Mnaona? Kabla, waliogopa maji. Sasa wanamwogopa aliyeyanyamazisha. Kaa hapo. Chagua maneno machache utakayoondoka nayo: “Nyamaza, utulie.” Omba kwayo, ukilitaja kwa jina lake jambo linalokupiga mawimbi wiki hii.

Yanayoharibu kazi hii nimeyaona mara nyingi katika vikundi. La kwanza ni kufungua popote na kuweka kidole, ukidhani Roho ndiye aliyepeperusha kurasa. La pili, unasoma ukimfikiria jirani: hili lingemfaa mama fulani! Acha, leo limekuja kwako. La tatu ni letu sisi wahubiri: tunasoma tukitafuta pointi tatu za Jumapili, tunatoka na mahubiri, na njaa yetu iko pale pale. Na zipo siku ambazo hutasikia chochote. Andika tarehe na fungu, funga, nenda kazini. Ulikula.

Yale maneno machache yafunge kwenye kitu unachokifanya kila siku bila kukumbushwa. Ukiwasha jiko, yataje. Ukikaa stendi kungoja abiria, yataje. Saa saba mchana, na kabla ya kulala. Angalieni Mathayo sura ya 4: mjaribu alikuja mara tatu, na majibu yote matatu yalitoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Bwana Yesu hakuanza kufunua magombo kule jangwani. Neno lilikuwa kinywani tayari.

Kesho chombo kinafika ng'ambo: Marko 5, aya ya 1 hadi 20. Mbele ya aya ya 18 wekeni alama ya kalamu usiku huu, pale mtu aliyeponywa anapoomba apande chomboni. Kabla ya kusoma ya 19, jiulize wewe ungemjibu nini.