Kabla Hatujauvunja Ukuta wa Kaskazini

Bwana asifiwe. Baba mchungaji, wazee wa kanisa, kamati ya ujenzi, na ninyi mama zetu mliokaa nje chini ya turubai kwa kuwa ndani hamkupata nafasi, nashukuru kunialika. Najua mlitarajia nifungue ramani ya sehemu mpya. Nitaifungua. Lakini muda mwingi nitautumia kwenye ukuta mmoja, huu wa kaskazini, ambao kamati imepanga kuuvunja mwezi ujao ili kanisa liongezeke upande ule.

Ukuta huu haukujengwa kwa matofali. Ni mawe ya matumbawe na chokaa. Wazee wa pwani walikuwa wakipanga magogo, wakayarundika matumbawe juu, wakachoma, kisha chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae muda mrefu kabla fundi hajaigusa. Ukuta wa namna hiyo unanyonya unyevu na kuutoa. Masika ikiupiga unalowa, jua likiwaka na upepo ukivuma unakauka. Kwa miaka yote hii umekuwa ukifanya hivyo bila mtu kuushughulikia.

Sasa ukiupaka lipu ya saruji, umeufunga. Maji yanayopanda kutoka ardhini hayana pa kutokea. Yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu inajitengeneza chembechembe ngumu zinazosukuma. Lipu inavimba, inatoa mlio wa utupu ukiigonga, inadondoka vipande vipande. Mbaya zaidi, inadondoka na uso wa jiwe.

Haya sikuyasoma tu. Nikiwa kijana nilikuwa kwenye kundi la mafundi waliokarabati kanisa moja la zamani huku pwani. Tulibandua chokaa yote, tukapiga saruji, tukamalizia kwa rangi ya mafuta hadi juu. Siku ya kuweka wakfu ukuta ulikuwa unang'aa na washarika walilia kwa furaha. Miaka miwili baadaye niliitwa tena. Niliingiza kidole kwenye jiwe, likamomonyoka kama mkate mkavu. Washarika wale walikuwa wameuza kuku na mihogo kulipia kazi ile. Sijalisahau jambo hilo, na ndiyo maana leo nimekubali kuja.

Mtaniuliza, je, saruji ni mbaya? Hapana. Waliofika Unguja wanalijua kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililosimama palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Askofu Edward Steere, ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamkumbuka pia kwa kazi yake katika lugha hii, alitaka ukumbi mpana. Nyumba za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba kwa sababu dari zake zinashikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Steere aliivuka boriti: akafunika kanisa kwa kuba refu la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Watu walidhani litaanguka. Bado lipo. Yeye alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu. Kwa hiyo saruji ina mahali pake. Kwenye sehemu yenu mpya tumieni saruji na nondo bila woga, ila msiipake kwenye mawe ya zamani.

Tuje kwenye maungio, maana hapa ndipo kamati na mimi tulibishana wiki iliyopita. Fundi wenu anataka kuchimba matundu kwenye ukuta wa zamani na kuingiza matofali mapya yashikane nao. Jengo la zamani limeshakaa, udongo chini yake umeshatulia. Jengo jipya litashuka kidogo, hata msingi wake ukiwa mzuri. Mkiyafunga pamoja, litakaposhuka litavuta mwenzake, na ufa utatokea pale juu kwenye dirisha. Acheni mwanya wa wima kati yao, uanzie msingini hadi juu, kisha mfunike kwa ubao au bati jepesi lisiloshika pande zote mbili.

Na ule uwazi wa kupitia, mtakaoufungua kwenye ukuta huu wa zamani kuingia sehemu mpya, jamani, msianze kwa nyundo. Paa linaegemea ukuta ule. Egemezeni paa kwanza, mwage linta, ule mhimili wa zege unaobeba mzigo juu ya uwazi, kwa vipande, mwagilieni maji zege kila siku angalau wiki nzima, mhesabu siku 28. Hapo ndipo mtoe mawe ya chini. Mawe msiyatupe, yatawafaa kuziba.

Kuhusu fedha nina neno fupi. Kanisa kuu la All Saints la Nairobi liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1917, likakamilika mwaka 1952. Si aibu kujenga kwa awamu. Aibu ni kuezeka nusu, ahadi zikakauka, mvua ikaingia kwenye ukuta ulioachwa wazi. Kila awamu iishie mahali ambapo mnaweza kufunga mlango na kuabudu.

Jambo moja nimeliona kwenye ramani likaniumiza. Mlango mpya una ngazi 5 za sentimita 15, na hakuna njia ya mteremko. Nimemwona bibi mmoja leo akishikwa mikono na wajukuu wawili kupanda ngazi zilizopo. Ngazi hizo ni sentimita 75. Mteremko unaofaa kwa kiti cha magurudumu unahitaji urefu mara 12, yaani mita 9. Nafasi ipo, pale mlipopanga kuegesha magari. Naomba kamati iamue leo, kabla msingi haujachimbwa.

Ramani nitaiacha mezani. Kwa sasa naomba mafundi na wazee tutoke. Kuna ufa chini ya dirisha la tatu, na nimekuja na vipande vya kioo. Tutavigandisha juu ya ufa kwa plasta, tuandike tarehe ya leo. Kioo kikivunjika kabla ya mwezi ujao, ukuta bado unatembea, na hakuna kuvunja chochote hadi tujue sababu.