Usiulize Damu Ngapi, Uliza Imekwenda Wapi

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, poleni na jua. Haya nimeyasema Pongwe, nimeyasema Ngamiani, na leo Chumbageni nayasema tena, kwa sababu watoto wenye upungufu wa damu bado wanaletwa hospitali wamechelewa.

Mtoto anafika viganja vyeupe, anahema juu juu. Ukigeuza ukope kwa ndani, hamna wekundu. Ukiuliza, unaambiwa: "Tulikuwa tunampa choya." Wiki nzima choya, juisi ya rozela!

Sikilizeni. Chembe nyekundu za damu hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Ikishakomaa haina kiini, haiwezi kujikarabati wala kuzaa nyingine. Inabeba oksijeni kwa hemoglobini, yenye madini ya chuma, kwa siku kama 120, kisha bandama na ini huivunja. Kwa hiyo damu ikipungua, ama haitengenezwi ya kutosha, ama inapotea, ama inavunjwa kabla ya wakati wake.

Najua kuna atakayesema bibi yake alikunywa choya akapona. Sibishani na bibi. Choya ina vitamini C, inasaidia utumbo kufyonza chuma cha mboga. Chungwa la Muheza nalo lafanya kazi hiyo. Kisamvu na dagaa kuleni, ila chai ya rangi msishushie chakula, inazuia chuma. Lakini mwenye safura, minyoo inamnyonya damu kila siku. Mwenye malaria, vimelea vinaingia ndani ya chembe, vinazaana, na baada ya saa 48 hivi vinaipasua na kuvamia nyingine. Mwenye sikoseli, ukitazama kwenye hadubini, katikati ya zile za duara unaona nyingine zimepinda kama mundu. Hizo mara nyingi hazimalizi hata mwezi. Huyu utamnywesha choya mpaka lini? Mpelekeni akapimwe! Na sikoseli mtoto huirithi kwa baba na mama, wote wawili. Kina baba mnaowatuhumu wake zenu, mmenisikia.

Naona naonyeshwa saa. Chembe nyeupe, askari wa mwili, basi, aina zake kwa haraka: neutrofili huwahi bakteria, limfosaiti hutengeneza kingamwili, yaani silaha za kupambana na vijidudu, eosinofili zikipanda tunafikiria minyoo au mzio. Chembe sahani hugandisha damu kwenye jeraha. Dengue, homa inayoletwa na mbu, huzishusha, kwa hiyo mwenye homa ambaye hajapimwa asimeze aspirini wala diklofenaki, zisije zikamtoa damu. Parasetamoli, na kituo cha afya siku hiyohiyo.

Maswali. Tuanze na yule mama wa nyuma.