Mikondo ya Hewa na Uwindaji Katika Nchi ya Vilima

Ndugu wasikilizaji, mwindaji aliyezoea tambarare anapopanda vilimani kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kanuni yake ya siku zote, ya kumwendea mnyama huku upepo ukimpiga yeye mwindaji usoni ili mnyama asiinuse harufu yake, itamtosha. Kanuni hiyo haina kosa. Ila kilimani hewa haivumi kwa kwenda mbele tu, bali hupanda, hushuka na kujizungusha.

Jua likishachomoza, ardhi ya mteremko hupata joto na kuipasha hewa iliyoigusa, nayo hewa hiyo ikawa nyepesi na kupanda kuelekea kileleni. Jioni ardhi inapopoa, hewa huwa nzito na kuteremka bondeni mithili ya maji, ikifuata makorongo na vijito. Ndiyo maana, jua likishapanda, yafaa mwindaji awe juu ya mnyama, na jioni awe chini yake. Hata hivyo, mteremko unaotazama mashariki hupata joto mapema, kwa hiyo hewa yaweza kuwa inapanda upande huo ilhali ng'ambo ya bonde, penye kivuli, bado inashuka. Mawingu mazito huidhoofisha mikondo hii, na upepo mkali huimeza.

Kwa maoni yangu, wakati wa kuhofiwa zaidi ni ule wa mgeuko, asubuhi na jioni, ambapo hewa husita na kuyumba huku na huku bila mwelekeo. Wengi huharibu mawindo yao hapo kwa haraka, ilhali kungoja mpaka mkondo utulie kungewaokoa.

Upande wa demani, yaani ule uliokingwa na upepo, una hila yake. Upepo ukishavuka ukingo wa kilima hujikunja na kurudi nyuma kwa mzunguko, ukiichukua harufu ya mwindaji mahali asipotarajia. Paa na jamii zake hupenda kulala huko, chini kidogo ya ukingo, kwa kuwa upepo huwaletea habari za nyuma yao, na hewa inayopanda huwaletea za bondeni, huku macho yao yakilinda mteremko ulio mbele.

Kwa kupima mwelekeo wa hewa, jivu laini likipeperushwa huonyesha hewa ya karibu tu. Mimi napendelea nyuzi nyepesi za pamba, kwa sababu huelea mbali na kuonyesha mahali mkondo unapojikunja. Zikianza kuelekea aliko mnyama, rudi nyuma kimyakimya, hata kama umebakiza hatua chache tu kumfikia.