Muungurumo Huo Si wa Pedali

Shikamooni wakubwa. Vijana, habari za saa hizi. Naona wapiga solo mmewahi viti vya mbele, na wapiga besi mko kule mlangoni kama kawaida yenu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kujitengenezea ubao wa pedali za gitaa, vile visanduku vya kubadilisha sauti vinavyokanyagwa kwa mguu, kwa fedha kidogo. Nitazungumzia umeme. Haya, wanaonijua wameshaanza kucheka. Chekeni, lakini Jumapili nikipita kwenye makanisa ya hapa Mwanza kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, nasikia kitu kimoja: mpiga gitaa akikanyaga overdraivu, ile pedali ya kukwaruza sauti, spika zinavuma kama kuna mashine ya kusaga nyuma ya madhabahu. Halafu mtu anasema, "Pedali hii mbovu." Anaiuza kwa hasara, ananunua nyingine, nayo inavuma. Pedali ya watu haina kosa. Umeme unaoilisha ndio mchafu.

Kinachotokea ni kwamba fedha yote inaishia kwenye pedali, na chenji inayobaki ndiyo inayonunua adapta. Mimi nasema geuza. Katika kila shilingi elfu kumi ya ubao wako, elfu nne ziende kwenye umeme. Pedali mbili zenye umeme safi zitakupa sauti ambayo pedali sita zenye umeme mchafu hazitakupa.

Tuone kwa macho. Hii ni adapta ya kawaida, ile yenye kiswichi cha kuchagua volti 3, 4.5, 6, 7.5, 9 na 12. Kijana, njoo usome mita, wasiseme nimedanganya. Kiswichi kiko kwenye 9. Ncha nyekundu ya mita naiingiza ndani ya tundu la plagi, nyeusi naigusisha bati la nje. Soma kwa sauti. 13.4! Imeandikwa 9, inatoa 13.4. Sababu ni kwamba ndani hakuna kitu kinachodhibiti volti. Ile 9 ni ahadi ya pale adapta inapobebeshwa mzigo wake wote. Pedali yako inavuta miliampea kumi tu, kwa hiyo volti zinabaki juu. Pedali nyingi zitavumilia. Ile yenye chipu ya MAX1044 ndani haitavumilia, maana chipu hiyo ikishapita volti 10 na ushee inakufa, tena kimyakimya, bila hata moshi wa kukuaga.

Jambo la pili, angalieni tena kioo cha mita. Mbele ya 13.4 hakuna alama ya kutoa. Maana yake chanya kiko katikati. Pedali karibu zote za gitaa zinataka kinyume chake: hasi katikati, chanya nje, plagi ya milimita 5.5 kwa 2.1. Ukipima vizuri, nyekundu ndani na nyeusi nje, mita lazima isome kutoa tisa. Isiposoma kutoa, usichomeke. Adapta za router na za kamera za ulinzi nyingi zina chanya katikati, tena ni volti 12, na plagi inaingia bila shida. Ndiyo hatari yenyewe: inaingia. Kwenye pedali nyingi kuna dayodi ndogo ya ulinzi, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inayoungua kwanza ili vingine vipone. Fundi redio yeyote ataibadilisha, ni 1N4001 au 1N4007. Ikiwa aliyetengeneza pedali alibana matumizi hapo, umekwisha.

Sasa muungurumo. Umeme wa ukutani unapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Ukipita kwenye dayodi nne za kuunyoosha, yale mawimbi yanakuwa 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita, kile kitunza umeme, ni kuyajaza mabonde. Kwenye adapta ya bei poa, kapasita ni ndogo kama punje ya mahindi, mabonde yanabaki. Pedali safi kama chorasi, ile ya kunenepesha sauti, haitakuonyesha sana. Overdraivu kazi yake ni kukuza sauti mara mia na zaidi, basi inakuza na muungurumo uliomo. Ndiyo maana unamlaumu yeye. Yeye ni tarishi tu.

Najua kuna mtu anasema moyoni: mbona jamaa fulani anatumia chaja ya router na gitaa lake linalia safi? Anapiga sebene kwa pedali moja ya dilei, yaani ya mwangwi, sauti safi, bila overdraivu. Mwekee overdraivu kwenye mnyororo huohuo uje uniambie. Tena hapo utasikia mlio wa aina nyingine, mwembamba, kama mbu sikioni. Huo hauletwi na ukuta. Unaletwa na chaja yenyewe inayoukatakata umeme kwa kasi ndani, au na dilei ya kidijitali inayovuta umeme kwa vishindo na kuvirudisha kwenye waya mmoja wa hasi ambao pedali zote zinauchangia. Kipimo chake ni rahisi: ipe pedali ya kidijitali betri yake peke yake, zingine ziache kwenye adapta. Mbu akinyamaza, umempata mwizi.

Dawa. Nitaanza na ninayoipenda, na nitakaa hapa kidogo.

Betri ya UPS ya kompyuta, volti 12, ampea-saa 7, ile nyeusi ya mraba. Betri haina mizunguko 50, haina 100, haina mbu. Umeme wake umetulia kama ziwa saa kumi na mbili asubuhi. Umeme ukikatika katikati ya kesha, pedali zako hazijui. Ukienda kupiga harusi Ukerewe au Sengerema kwa jenereta linalokohoa, hazijui pia. Hesabu: pedali zako zote zikivuta miliampea 300, betri ya 7 ingekwenda saa 23 kwenye karatasi. Usiimalize, betri za risasi hazipendi kukaushwa. Chukulia nusu, ni saa kumi na zaidi. Kesha lipi linazidi hapo?

Atakayenunua iliyotumika asidanganyike na mita peke yake. Betri mfu ikipumzika inaonyesha 12.5 vizuri kabisa. Chukua balbu ya breki ya bodaboda, ya wati 21, iunganishe dakika tano huku unapima. Ikishuka chini ya 11.5, mrudishie mwenyewe na umsalimie.

Kutoka volti 12 kwenda 9 unatumia regyuleta 7809, kidude cha kudhibiti volti. Ina miguu mitatu. Ishike maandishi yakikutazama, miguu chini: kushoto unaingia umeme, katikati ni hasi, kulia inatoka tisa. Inahitaji ipewe angalau volti mbili zaidi ya inazotoa, yaani 11, kwa hiyo betri ya 12 inatosha. Karibu kabisa na miguu, narudia, karibu, si sentimita kumi mbali, weka kapasita iliyoandikwa 334 kati ya kuingia na hasi, na iliyoandikwa 104 kati ya kutoka na hasi. Wanaoziruka hizi mbili ndio wanaorudi kuniambia regyuleta inapiga filimbi. Bati lake la mgongoni ni hasi, lifunge kwa skrubu kwenye kipande cha alumini. Joto lake ni hesabu ya darasa la saba: 12 toa 9 ni 3, mara ampea 0.3, unapata wati 0.9. Litakuwa vuguvugu. Ukiipa regyuleta umeme wa chaja ya laptop wa volti 19, ni wati 3, na hapo bila alumini kubwa itajizima yenyewe katikati ya pambio.

Kwenye waya wa chanya, karibu na betri, weka fyuzi ya ampea 1. Betri hii ikigusanishwa nyaya zake inaweza kuyeyusha waya na kuwasha begi. Hapa sitaki mjadala.

Na pale mwisho, kwenye plagi, mkono utakudanganya. Mazoea ya fundi redio ni chanya katikati. Kwetu ile tisa inayotoka inakwenda bati la nje, hasi inakwenda ndani. Kabla ya kuchomeka popote, mita. Kutoa tisa.

Kuna wanaosema betri ni nzito. Ni kilo mbili na kitu. Sanduku la besi mnalibeba, kilo mbili ndiyo zinawashinda?

Basi, kwa asiyetaka betri: tafuta sabufa mbovu. Sabufa zinakufa kila siku mjini hapa, na transfoma yake kwa kawaida bado ni nzima. Ipime kwanza. Nyingi zinatoa nyaya tatu, 12-0-12. Tumia ya katikati na moja ya pembeni. Ukiunganisha za pembeni mbili umejipa 24, ambazo zikinyooshwa zinapita 30, na kapasita ya volti 25 italia kama baruti. Pitisha kwenye dayodi nne za 1N4007, kisha kapasita ya maikrofaradi 2200, volti 35, kisha 7809 kama nilivyosema. Upande wa 230 unakaa ndani ya boksi lililofungwa, na fyuzi yake. Kama hujawahi kufanya kazi na umeme wa ukutani, hiyo si kazi ya kujifunzia peke yako usiku. Rudi kwenye betri.

Kwa pedali nyingi, kila moja ipe 7809 yake, hasa za kidijitali. Hazigharimu kitu cha kutisha. Na overdraivu iongezee kichujio: rezista ya om 10 kwenye chanya, halafu kapasita ya maikrofaradi 1000 kwenda kwenye hasi. Kwa miliampea 10 unapoteza sehemu moja ya kumi ya volti tu, na mbu anabaki mlangoni. Usiiweke kwenye dilei ya kidijitali inayovuta 100, utaipunguzia volti nzima. Kumbe kuna jingine: pedali za Boss za zamani zilizoandikwa ACA zilitengenezwa kwa adapta isiyodhibitiwa ya volti 12. Ukizipa tisa safi, kijitaa cha pedali kinafifia na sauti inadhoofika. Si mbovu. Msiziuze kwa hasara, au niuzieni mimi.

Naambiwa muda. Nimeshamaliza nusu saa na sijafika kwenye ubao. Twende haraka.

Ubao: mbao nne za paini, upana sentimita 6, urefu 60, zikiwa na nafasi ya sentimita 2 katikati ya kila moja ili nyaya zishuke chini. Nyuma uinue sentimita 8, mbele 3, regyuleta na betri zikae chini ya mgongo. Msiseme plaiwudi ya milimita 6, itacheza kama ngoma ukikanyaga. Kwa kushikilia pedali, velkro ya mafundi cherehani inaachia kwenye joto. Nenda kwa fundi baiskeli, omba mnyororo uliokufa, toa pini, chukua vile vibati vyenye matundu mawili. Tundu moja linafungwa na skrubu ya chini ya pedali yenyewe, la pili linapigwa skrubu kwenye mbao. Vibati vinne kwa pedali. Haing'oki hata ubao ukianguka kutoka kwenye daladala. Sanduku la kubebea, sokoni Mlango Mmoja yapo ya mitumba, magumu na ya bei nzuri.

Nyaya fupi za kuunganisha pedali: sentimita 15 hadi 20, waya wenye wavu wa kukinga. Waya wa spika hauna wavu, ni antena. Ukiuchuna waya wa gitaa, angalia chini ya wavu: nyingi zina ngozi nyeusi laini ya plastiki inayopitisha umeme. Ikigusa kichwa cha jeki, sauti inapungua kana kwamba mtu kaifunika blanketi, na mita haikwambii wazi kwamba kuna kasoro. Ichune milimita 5 nyuma. Risasi ya kulehemu ikikauka ikiwa na rangi ya majivu na mabongemabonge, haijashika, rudia kwa joto zaidi.

Mpangilio wa pedali kuanzia kwenye gitaa: tyuna, wah, kompresa, overdraivu, chorasi, dilei, riveb. Wapo wanaobadilisha, wabadilishe.

Swali lililoletwa kwenye karatasi: "Midomo inanipiga shoti nikigusa maiki." Hilo si la pedali kabisa. Ampu na mikisa ziko kwenye soketi mbili tofauti na moja haina ethi, ule waya wa kwenda ardhini. Chomeka zote kwenye ekstensheni moja yenye ethi nzima, na usikate mguu wa tatu wa plagi kwa sababu eti muungurumo umepungua. Umepungua kwa sababu umeondoa kinachokulinda. Ukiendelea kupigwa, acha kuimba mpaka fundi umeme wa jengo aje, na hilo mwambieni mchungaji kwa maandishi.

Walioleta adapta zao, zileteni hapa mezani. Mita ninayo. Tuanze na hiyo iliyofungwa kwa plasta nyekundu, inanitia wasiwasi tangu nimeingia.