Sienna mpya Texas: jinsi ya kuzuia bei isipande na kusubiri kwa akili

Haya wapenzi, habari za leo. Karibuni mezani kwangu. Leo hatupiki, leo tunapatana bei. Mdogo wangu wa Dallas anatarajia mtoto wa tatu, viti vitatu vya watoto havienei nyuma ya gari lake, basi kanituma nimtafutie Toyota Sienna mpya. Nimeipokea kwa mikono miwili, maana kazi hii naipenda. Mama yangu aliuza vitenge Kariakoo, nimekua nikisikia bei zikipanda na kushuka juu ya kichwa changu.

Sasa hapa si Kariakoo. Usiingie kwa dila, yaani muuzaji wa magari mapya, na mpango wa kukata bei ya Sienna, utachoka bure. Tangu modeli ya 2021 Sienna zote ni haibridi, yaani zinatumia petroli na betri ya umeme, injini ya lita 2.5, maili 36 kwa galoni, gari la siti nane linalokunywa kidogo hivyo kila mwenye familia analitaka. Na kiwanda chake ni kimoja, Princeton, Indiana. Kwa hiyo tunachopigania ni bei isivuke ile iliyobandikwa kiooni na kiwanda. Cha kuwapa wao badala yake tunacho: muda, rangi na umbali. Ukiweza kusubiri, ukikubali rangi tatu badala ya moja, ukikubali kuendesha saa sita kulifuata gari, una nguvu mezani.

Hatua ya kwanza, haraka haraka: chagua daraja. LE ndiyo ya chini, modeli ya 2025 ilianzia kwenye dola 40,000 hivi, kisha unapanda hadi Platinum. Siti saba au nane, amueni nyumbani. Ila mjue siti za katikati za Sienna hii hazijatengenezwa za kung'olewa kirahisi, kwa hiyo kama kazi yako ni kubeba magodoro na friji, kaangalie Honda Odyssey. Mimi napenda daraja la XLE la siti nane. Basi, tuendelee.

Hatua ya pili: usiende dukani, andika. Tuma ujumbe kwa madila kumi na tano. Kwa nini wengi hivyo? Kwa sababu Toyota haipokei oda yako kiwandani moja kwa moja. Kila dila anapewa mgao. Ndiyo, mgao, neno lile lile tulilozoea kwenye umeme. Dila mmoja ana majina arobaini yanayosubiri, mwingine wa mji mdogo ana gari linakuja na halina mwenyewe. Huwezi kujua mpaka uulize.

Ujumbe uwe mfupi. Uliza mambo manne tu: Je, mna Sienna XLE ya siti nane kwenye mgao unaokuja ambayo haijachukuliwa? Mnaongeza chochote juu ya bei ya kiooni? Bei yote mpaka natoka getini ni ngapi, kwa maandishi? Arubuni inarudishwa? Hiyo bei ya getini ndiyo wao wanaiita "out the door", tumia maneno hayo hayo, hakuna muuzaji asiyeyajua. Atakayekujibu "njoo tuongee ofisini", mshukuru, nenda kwa mwingine.

Na msibaki Texas tu. Magari ya Texas, Oklahoma, Arkansas, Louisiana na Mississippi yanapita kwa msambazaji mmoja, Gulf States Toyota, hapa Houston. Ukivuka kwenda New Mexico au Kansas umeingia kwenye mgao mwingine kabisa. Kodi haiongezeki kwa kuvuka mpaka, kodi ya gari inafuata jimbo unalosajilia.

Hatua ya tatu, kusoma karatasi. Hii hapa ya dila wa tatu, imeingia asubuhi, sijaifungua, tuisome wote. Bei ya kiooni, 44,600. Nyongeza ya soko, sifuri. Vizuri sana! Karatasi za ofisi, 225. Kodi, 2,843.69. Usajili...

Ngoja. Hebu ngoja. Nisogeze kamera, taa inapiga kwenye skrini. Mnaona hapo? Kodi ya Texas ni asilimia 6.25. Asilimia 6.25 ya 44,600 ni 2,787.50, nimepiga sasa hivi kwenye simu. Hii imezidi dola 56 na senti 19. Kompyuta yao haikosei kodi, kwa hiyo kuna kitu kinatozwa kodi ambacho hatujakiona. Nashuka chini... ukurasa wa pili... huyu hapa! "Kifurushi cha ulinzi", 899. Pigeni 899 kwa asilimia 6.25 muone: 56.19. Naipenda sana hii! Kila mara ukipewa karatasi, anza na kodi. Kodi ndiyo itakuambia kilichofichwa.

Vifurushi hivi ni nini? Plastiki za kingo za milango, dawa ya kulinda rangi, namba ya gari kuchorwa kwenye vioo, hewa ya nitrojeni kwenye tairi. Hewa tunayopumua tayari ni nitrojeni asilimia 78, usiinunue. Karatasi ya kiwanda, ile ya kiooni, inatakiwa na sheria ya mwaka 1958. Ukiona karatasi ya pili imebandikwa pembeni yake, hiyo ni ya dila mwenyewe, na hiyo inazungumzika.

Namjibu sasa hivi mbele yenu, kwa adabu: "Ahsante kwa bei. Kifurushi cha 899 sikihitaji. Ukikiondoa, nalipa arubuni leo." Nimetuma. Tuendelee wakati tunamsubiri.

Hatua ya nne. Hapa naomba mtoe vipokea sauti masikioni, mwiteni na mume aje. Arubuni. Miaka miwili nyuma nililipa dola 1,000 kwa dila mmoja kushikia gari langu mimi. Kaniambia kwa mdomo, bei ya kiooni, usijali. Nikasubiri miezi minne. Gari limefika, nimebeba watoto twende kulichukua, naambiwa bei ya soko imeongezeka dola 4,000. Risiti yangu ilikuwa na jina na kiasi, basi. Nilikataa gari, na elfu yangu ilinichukua wiki saba kuipata. Niliumia sana siku ile, watoto walilia njia nzima.

Kwa hiyo kabla kadi haijatoka kwenye pochi, karatasi iwe na vitu hivi: gari lenyewe, kwa namba yake ya utambulisho ya herufi na tarakimu 17 kama imeshapewa, la sivyo daraja, siti na rangi. Bei ya getini. Neno "inarudishwa". Sahihi ya meneja, muuzaji peke yake hatoshi. Narudia: neno "inarudishwa". Likikosekana hilo, hata kama amekuwa mkarimu, hata kama anatoka kwenu, usilipe.

Kusubiri kwenyewe: mpigie kila wiki mbili, usimchoshe. Ukipewa ile namba ya utambulisho, muulize gari liko kiwandani au njiani. Na mwambie hivi: mtu akikataa gari lake, nipigie hata saa nne usiku. Watu hukosa mkopo, hubadilisha mawazo, magari hayo ndiyo hufupisha foleni. Yangu niliipata hivyo hivyo, ya mtu aliyekataa rangi.

Ofisi ya fedha ya dila nitapita haraka. Njoo na mkopo wako umekubaliwa kwenye chama cha akiba na mikopo, dila akikupa riba ndogo kuliko hiyo, sawa, chukua ya kwake. Wakikuuliza unaweza kulipa ngapi kwa mwezi, rudi kwenye bei ya getini. Dola 3,000 za nyongeza zikigawanywa miezi 60 ni 50 tu kwa mwezi kabla ya riba, ndiyo maana hutaziona. Wakikutisha kuhusu betri, Toyota yenyewe inaidhamini miaka 10 au maili 150,000. Na hakuna haki ya kurudisha gari jipya ndani ya siku tatu, wengi wanadhani ipo. Ukisaini dukani, umenunua.

Eh, simu imelia. Ni yeye! Kifurushi kimeondolewa, kodi 2,787.50, sawa kabisa. Na fomu ya arubuni hii hapa: XLE, siti nane, bei ya getini, sahihi ya meneja ipo... nashuka... neno "inarudishwa" sijaliona. Nasoma tena. Halipo. Kadi inabaki kwenye pochi. "Tafadhali ongeza kwamba arubuni inarudishwa, kisha nitalipa." Nimetuma. Nazima kamera nimpigie mdogo wangu, gari lenyewe tutalikagua pamoja siku likifika.